Sheria Ipi, Kifungu cha Ngapi?

Juzi alinijia mwanafunzi mmoja wa uuguzi hapa nyumbani Msamala, Songea, kijana mpole, shikamoo yake haina dosari. Alileta kazi aliyopewa chuoni, akaomba niipitie. Mstari wa kwanza ulisomeka: "Kwa mujibu wa sheria, muuguzi anapaswa kutunza siri za mgonjwa." Nikamuuliza, sheria ipi?

"Sheria ya wauguzi, babu."

"Ya mwaka gani?"

Akatabasamu.

"Kifungu cha ngapi?"

Akatoa simu mfukoni. "Kifungu sijui, ila imeandikwa hivyo kwenye grupu la darasa letu. Wote tumeandika hivyo."

Wote tumeandika hivyo! Niliinuka nikaenda kunywa maji kwanza, maana daktari amenionya kuhusu presha. Kijana wa watu hakujua amegusa wapi. Nimeacha kazi siku nyingi, nafuga kuku, nalima mahindi yangu kule Mshangano, na bado maneno hayo yanaweza kunikosesha usingizi. Kwa hiyo leo nawaandikia ninyi nyote mnaovaa sare nyeupe na mnaojiandaa kuivaa. Nisomeni nikiwa na hasira hivi hivi, maana nikipoa nitaanza kuwabembeleza.

Mimi, Mwalimu Gaudensi, nilikuwa mwalimu wa wauguzi. Sikusomea Songea. Nilisomea mbali, nikafanya kazi wodini, kisha nikaletwa hapa kufundisha katika chuo kimoja cha uuguzi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, biashara binafsi zimefunguliwa. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa, watu wanapunguzwa kazini, na kila aliyepunguzwa alikuwa anafungua kitu: genge, mashine ya kusaga, duka la dawa baridi. Maduka hayo yalitakiwa kuuza dawa ndogondogo za maumivu na mafua, basi. Lakini dawa hospitalini zilikuwa za kubahatisha, kwa hiyo mgonjwa akitoka kwetu na cheti cha dawa mkononi aliishia dukani. Na dukani waliuza kila kitu, na sindano walichoma nyuma ya pazia.

Sheria je? Chuo kizima hakikuwa na nakala ya sheria hata moja. Nasema hata moja. Wanafunzi walikuwa na somo la maadili na sheria za uuguzi, tena lenye mtihani wake, na mwalimu aliyelifundisha alisoma kutoka notisi zake mwenyewe za uanafunzi, polepole, nukta, mkato, darasa likiandika. Waliomaliza walikwenda kazini na notisi zile, na wadogo waliokuja nyuma waliziazima wakazinakili. Mashine za fotokopi mjini zilikuwa za kutafuta, na umeme ukikatika unakaa unasubiri na karatasi zako kwapani. Kwa hiyo mkono ndio ulionakili, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyeuliza mkono wa kwanza ulinakili wapi.

Katika mwaka wa pili alikuwepo binti mmoja akiitwa Fortunata, mtoto wa wakulima wa kahawa kutoka upande wa Mbinga. Nilikuwa namsimamia wodini. Alikuwa na mikono mitulivu, anamgeuza mgonjwa wa kiharusi bila kumtoa hata mguno, na hakuwa msemaji. Bei ya kahawa ilikuwa imeyumba, ada imekuwa taabu, basi wakati wa likizo akabaki mjini kwa dada yake, akapata kibarua cha kuuza katika duka moja la dawa baridi. Mwenye duka alikuwa mtu wa shirika lililofungwa, na dawa alizitambua kwa rangi ya kopo tu.

Siku moja akaingia mama na mtoto anachemka homa, macho yamegeuka juu. Mwenye duka akamwambia Fortunata amchome sindano. Binti akasema yeye bado mwanafunzi, mtoto akimbizwe hospitali.

"Hospitali wana dawa?" mwenye duka akamjibu. "Wewe si nesi? Choma, mtoto asitufie hapa!"

Mama analia, mtoto anatetemeka. Akachoma. Mtoto alipona, na hilo mnisikie vizuri, alipona. Lakini bwana afya alikuwa mtaani siku hiyo anakagua maduka, akafunua pazia akamkuta binti na bomba la sindano mkononi. Mwenye duka akaruka kimanga. Akadai hana habari, eti msichana kajifanyia mwenyewe. Duka likafungwa kwa muda mfupi, likafunguliwa, watu wakaendelea kununua. Taarifa ya Fortunata ikaletwa chuoni.

Kikaitishwa kikao cha nidhamu: mkuu wa chuo, matroni wa hospitali, sisi walimu. Matroni alikuwa mama mchapakazi, wodi zake zilinukia usafi, simsingizii. Akasimama akasema hapa hakuna la kujadili, sheria inajulikana.

"Mwanafunzi atakayechoma sindano nje ya wodi aliyopangiwa atavuliwa sare, atafutwa mafunzo, wala hatapokelewa na chuo kingine chochote."

Alipofika kwenye "atavuliwa sare", nusu ya kikao walikuwa wanayasema pamoja naye, kama watu wanaosali rozari. Mimi sikuwahi kuyasikia. Wala sikuwa na ushujaa wowote, nilitaka tu kuyaandika kwangu, maana nilidhani kule nilikosomea walinipunja. Nikauliza, samahani, hiyo ni sheria ipi, na ni kifungu cha ngapi?

Mkuu wa chuo akavua miwani. "Mwalimu Gaudensi, una maana gani?"

"Nataka kukijua kifungu, Mkuu."

"Hili kila mtu analijua," matroni akasema.

"Basi mmoja wenu anitajie."

Hakuna aliyetaja. Mmoja alianza kusema ni sheria ya wauguzi, akaishia hapo. Hapo sasa damu ikaanza kunichemka. Kumbukeni kilichokuwa mezani hakikuwa karipio. Binti alikuwa anafutwa moja kwa moja, asisomee uuguzi popote katika nchi hii, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa nje kwenye benchi, hakuna aliyemwita aseme lake. Mkuu wa chuo akaamua kikao kikae tena wiki inayofuata, na mimi nilete hicho kifungu, kwa kuwa ndiye ninayekitaka. Hebu fikirini! Wanaomhukumu mtu kwa sheria hawana kazi ya kuileta, ila anayeuliza ndiye akaitafute.

Nikaenda ofisi moja ya serikali nilikoambiwa Gazeti la Serikali hufika. Mnalijua? Si gazeti la mpira. Ndimo hutangazwa sheria mpya, kanuni za mawaziri, na siku ambayo sheria inaanza kutumika. Karani akanikaribisha vizuri, akanifutia kiti.

"Yanakuja, Mwalimu, yanakuja sana. Ila yakijaa tunayapunguza."

"Mnayapunguzaje?"

Akaona haya kidogo. "Akina mama wa maandazi wanayachukua. Karatasi yake nzuri, mafuta hayapiti upesi."

Jamani! Jioni ile nilinunua maandazi sokoni makusudi. Nikafungua, nikakuta nimefungiwa nusu ya tangazo la mtu aliyepoteza hati ya kiwanja. Nikacheka peke yangu, kisha maandazi yakanishinda.

Aliyenifungua macho ni hakimu mmoja wa mahakama ya wilaya, mwanamke kijana aliyehamishiwa Songea kutoka Kanda ya Ziwa. Nilipiga hodi, akaniwahi kwa shikamoo, nikaketi. Nikaanza, "Mheshimiwa, sheria inasema mwanafunzi..." Akainua mkono kunisimamisha.

"Mwalimu, humu ndani hatusemi sheria inasema. Sheria ni nyingi mno. Nipe jina lake kamili, namba yake, mwaka wake, halafu kifungu, na kifungu kikiwa na vijifungu, kijifungu. Ukishanipa hayo nitakuuliza kama bado iko hai."

"Hai?"

"Zinakufa hizi. Zinafutwa. Nyingine zinarekebishwa hadi mama yao hazitambui. Nyingine Bunge limepitisha lakini hazijaanza kufanya kazi mpaka waziri atangaze tarehe. Usimfunge mtu kwa sheria ambayo haijazaliwa."

Akanifungulia kabati. Vitabu vikubwa, Kiingereza kitupu, na juu ya baadhi ya vifungu palibandikwa vipande vya karatasi kwa gundi. Hayo ndiyo yalikuwa marekebisho. Nikataka kusoma maneno ya chini, akaniambia nisome kipande kwanza, kilicho chini yake kimeshapitwa na wakati. Na akanionyesha jambo ambalo sijalisahau. Gundi ya zamani ilikuwa inaachia. Kipande kinadondoka, kinafagiliwa, na anayekuja baadaye anasoma maneno yaliyofutwa na kuapa kwayo. Kwa hiyo akanifundisha kupapasa ukurasa kwa kidole. Ukihisi gundi kavu na hakuna kipande, usinakili, nenda kaulize kitabu kingine. Ninyi hamna gundi, mna simu, lakini ugonjwa ni ule ule. Nakala uliyoipata mtandaoni inaweza kuwa imeshadondosha vipande vyake vyote, na haina hata pa kupapasa. Angalia toleo ni la mwaka gani, kisha tafuta kilichobadilika tangu mwaka huo.

Nilishinda pale nikinakili kwa mkono sheria ya usajili wa wauguzi na wakunga iliyokuwa inatumika, ambayo wakati ule ilikuwa bado ile ya tangu enzi za Mwingereza. Msithubutu kuitaja ninyi. Ilifutwa, na iliyokuja baada yake nayo ikafutwa. Ilizungumzia daftari la wauguzi, nani asajiliwe, nani aondolewe, na adhabu ya mtu anayejifanya muuguzi aliyesajiliwa. Kuvuliwa sare, hakuna. Chuo kingine chochote, hakuna. Nikasoma na ile ya dawa na sumu, macho yakanitoka machozi kwa yale maandishi madogo. Hakuna.

Nikarudi kwa hakimu nikiwa na furaha ya ushindi. Yeye hakufurahi.

"Kutoiona si kwamba haipo," akasema. "Huenda iko kwenye kanuni, huenda ni waraka wa wizara. Maneno hayo yana kwao, Mwalimu. Yafuate mpaka nyumbani kwao."

Nikaanza kuzunguka kwa wauguzi, mmoja mmoja, nikiwaomba notisi zao za zamani. Wodi ya wazazi, wodi ya watoto, chumba cha upasuaji. Wote walikuwa nayo sentensi ile, neno kwa neno, mkato kwa mkato, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina la sheria juu yake. Wengine walinikasirikia kwa kuwasumbua. Nilipofika kwa muuguzi mkongwe kuliko wote, hakwenda hata kuzitafuta.

"Hayo alituandikisha Mwalimu Adelina," akasema.

Mwalimu Adelina ndiye aliyefundisha chuo kile kabla yetu. Matroni alipita kwake, mkuu wa chuo alipita kwake, na karibu wauguzi wote wa mji ule. Alikuwa amestaafu, analima maharage kijiji kimoja njia ya Peramiho. Kesho yake nilikuwa uani kwake. Alikuwa anapepeta. Shikamoo, marahaba, habari za mvua, maji ya kunywa. Nikamsomea ile sentensi. Ungo ukasimama.

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Ndiyo sheria, Mwalimu. Natafuta kifungu chake."

"Sheria gani? Hayo ni ya kwangu mimi!"

Akanieleza. Aliwahi kuwa na darasa la wavulana watundu, Jumamosi wanatorokea vijijini kuchoma watu sindano ili wapewe kuku. Sindano moja kijiji kizima. Mzee mmoja akaota jipu la paja, nusura apoteze mguu. Mwalimu akaingia darasani asubuhi amefura, akawaambia atakayerudia atavuliwa sare, atafutwa, na chuo kingine hakitampokea.

"Nilikuwa nawatisha, baba. Wao wakaandika. Walikuwa wanaandika kila kitu wale watoto, hata nikipiga chafya." Kisha akanitazama. "Kwani kuna mtu kafanywa nini?"

Nikamwambia habari za Fortunata. Akaweka ungo chini. Halafu akauliza kikao ni lini.

Alikuja. Alivaa kitenge chake kizuri na viatu vya kufunga, akakaa kiti cha mbele, na wakubwa wote wa kikao wakapita kumwamkia. Nikasimama nikataja sheria iliyopo kwa jina lake kamili, namba yake na mwaka wake, nikasoma vifungu, nikasema kitabu kiko mahakama gani kwa yeyote anayetaka kwenda kukipapasa. Nikataja na kanuni za chuo chenyewe, ambazo zilikuwa pale pale ofisini siku zote, zinazosema mwanafunzi asikilizwe kabla ya kuadhibiwa. Kisha Mwalimu Adelina akaeleza sentensi ile ilikozaliwa, na wavulana wake, na jipu la yule mzee.

Mkuu wa chuo alimsikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema, "Mwalimu, kwa heshima yako, umri umesogea. Huenda umesahau. Hii ni sheria, tumeitumia miaka yote."

"Nimesahau maneno yangu mwenyewe?"

"Lakini huwezi kuja kuifuta sheria kwa mdomo, Mwalimu."

Nimefanya kazi miaka mingi, nimeona uzembe wa kila aina, lakini sijawahi kusikia jambo kama lile. Mtu anaambiwa na mwanafunzi wake kwamba hana mamlaka ya kuyakana maneno aliyoyatunga yeye, kwa sababu yameshanakiliwa mara nyingi.

Mwalimu Adelina hakupandisha sauti. "Umesema mmeitumia," akasema. "Mmewafuta wangapi?"

Matroni akatazama dirishani.

"Nawauliza. Watoto wa watu wangapi mmewavua sare kwa hasira zangu za asubuhi moja?"

Akaanza kulia, mama mtu mzima, mbele ya watu aliowafundisha kushika kipimajoto, na walikaa tu. Swali lile halikujibiwa siku ile wala baadaye. Waliofutwa walikuwa wameshatawanyika, wanalima, wanauza mbogamboga, wameamini mpaka leo kwamba sheria ya nchi ndiyo iliyowakataa. Mimi hilo sijalisamehe na sina mpango wa kulisamehe.

Matroni ndiye aliyegeuka kwanza. Akauliza, tukimfuta huyu na wizara wakitaka kifungu, tutaandika nini? Haikuwa huruma, ilikuwa hofu, lakini ilitosha. Fortunata akaitwa ndani. Akasema alichoma, alijua hajaruhusiwa, na kama ni adhabu aadhibiwe kwa kosa alilofanya. Akapewa karipio, akarudi darasani. Karipio lile nililiunga mkono mimi mwenyewe. Alikosea, na sindano si ya kuchomwa na asiyeidhinishwa hata mtoto akipona. Sitaki mseme Mwalimu Gaudensi anatetea wachoma sindano wa mitaani. Natetea mtu kuhukumiwa kwa kitu kilichopo.

Ndiyo maana nawaambia, yatenganisheni mambo haya vichwani mwenu. Sheria imepita Bungeni. Kanuni imetungwa na waziri chini ya sheria hiyo, na lazima iitaje. Waraka ni maelekezo ya wakubwa wenu kazini. Na mwalimu akisema, mwalimu kasema, hata awe mimi. Ukiandika "kwa mujibu wa sheria" bila jina wala kifungu, umemlazimisha msomaji wako akuamini bure, na siku moja atatokea mtu amekaa nje kwenye benchi kwa sababu yako.

Mnadhani yaliisha? Mwisho wa muhula likaja swali la mtihani katika somo lile: "Eleza adhabu ya kisheria kwa mwanafunzi anayechoma sindano nje ya wodi aliyopangiwa." Aliyetunga alikuwepo kikaoni. Alimwona Mwalimu Adelina akilia. Nilipomfuata akanijibu kwa upole kabisa kwamba swali hilo huwepo kila mwaka, na majibu ya kusahihishia yalikuwa yameshaandaliwa.

Darasa zima likaandika lilichokariri, likapata alama. Fortunata aliandika kwamba sheria hiyo haipo, akataja iliyopo kwa jina, namba, mwaka na kifungu, kama alivyoinakili kutoka kwangu. Akapewa sifuri. Nilikwenda kugombana mpaka nikaambiwa nimejichosha bure, matokeo yameshabandikwa ubaoni.

Nilimkuta wodini anatandika kitanda. Nikampa pole. Nikamwambia, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, kwamba angeweza tu kuwaandikia wanachotaka akajichukulia alama zake. Alikunja pembe ya shuka mpaka ikalala sawasawa ndipo akanijibu.

"Wamenikata alama, Mwalimu, ni sawa. Lakini maneno yale siyaandiki kwa mkono wangu. Atakuja mdogo wangu aazime notisi zangu, wamvue sare kwa hayo hayo."